Mzee Boaz Mudanya Aliacha Lango la Kanyoni

Ijumaa tarehe 31 Julai 1959, Mzee Boaz Mudanya, mlinzi wa lango la Hifadhi ya Kanyoni kando ya Mto Chania, alivua kofia yake ya kazi, akaikung'uta vumbi, akaiweka juu ya meza ya ofisi na kustaafu. Alikuwa ametumikia lango hilo kwa miaka ishirini na miwili. Katika muda huo lango lenyewe lilibadilishwa mara mbili, na mabwana wakubwa mara tano. Mzee Boaz hakubadilishwa, maana hakuna aliyejua angeanzia wapi.

Mimi ninayeandika ni Ephantus Kagwe, karani wa tiketi, na kibanda changu kinatazamana na kiti chake. Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi ameniomba niandike kwa adabu. Nimemwambia nitajaribu.

Mzee Boaz ni mzaliwa wa Maragoli. Alikuja Thika akitafuta kazi ya mkonge, akapewa lango kwa sababu ya urefu wake na sauti yake. Siku ya kwanza bwana wa wakati ule alimpa mafunzo yote ya kazi kwa Kiswahili chake cha shamba: "Hapana tiketi, hapana ingia." Wengine hufundishwa mengi wakasahau yote. Mzee Boaz alifundishwa hilo moja, na hajalisahau hata leo.

Ndege hakuwajua. Kwake kulikuwa na kuku, halafu kulikuwa na wengine. Lakini tiketi aliijua mbele na nyuma. Asubuhi moja Bwana Tuckwell, mwenyekiti wa kamati yetu, alifika langoni akiwa ameisahau kadi yake nyumbani. Mzee Boaz akaiomba. Bwana akaeleza kwamba yeye ndiye anayetia sahihi kadi zote. Mzee Boaz akakubali kwamba sahihi hiyo ni nzuri sana, kisha akaomba kuiona. Bwana Tuckwell aligeuza motokaa akarudi Ruiru kuifuata kadi, na alipoileta akasalimiwa kwa heshima zote.

Hata hivyo, aliyeonja ukali wa sheria hiyo kuliko wote ni Mama Jentrix, mke wake. Aliletwa hapa akiwa bibi harusi mwaka wa 1938, wakapewa chumba katika laini za wafanyakazi, nyuma ya ua. Kutoka chumbani humo maporomoko ya Chania husikika mchana na usiku, yakinguruma hata sufuria rafuni zinatikisika. Kuyaona ni lazima upite langoni. Wiki ya kwanza tu Mama Jentrix alisema anataka kuyaona hayo maji. Tiketi haziuzwi kwa jamaa za wafanyakazi, ili wanyama wasisumbuliwe. Mzee Boaz akamwambia asubiri kidogo, atamwombea ruhusa kwa wakubwa. Aliomba mwaka huo, na kila mwaka baada ya huo. Jibu lilikuwa lile lile: "Mwaka ujao, Boaz."

Sasa inanibidi niseme kuhusu Siku ya Kiangazi. Mwaka wa 1950 kamati iliamua kwamba hifadhi yetu iwe na sherehe za kiangazi, za wanyama na za jamii. Ofisini kulikuwa na kalenda iliyotoka Uingereza kwa meli, na katika kalenda hiyo kiangazi kilikuwa Julai. Anayekaa Thika anajua Julai ni nini. Ni ukungu, manyunyu, kikohozi na foleni ya makaa. Lakini kalenda ilikuwa na picha ya memsahib aliyevaa kofia ya ukili chini ya mbingu ya buluu, na katika kamati hapakuwa na mtu wa kubishana nayo. Basi kila Julai wageni walikuja na magauni mepesi, wakanywa maji ya ndimu yenye barafu huku meno yakigongana, na kusifiana jinsi hali ya hewa inavyoburudisha. Kazi ya Mzee Boaz, pamoja na kuchana tiketi, ilikuwa kugawa mapepeo ya kujipepea. Aliyagawa bila kucheka. Mimi nilishindwa, nikawa nainama chini ya meza kama mtu anayetafuta kalamu.

Neno "jamii" nalo lilikuwa na maana yake. Jamii ni wale waliokuja kwa motokaa. Katika miaka ya Hali ya Hatari mimi nilihitaji pasi ya kutoka Ruiru ili nije nikate tiketi za jamii. Mama Jentrix alipewa kazi ya kuchemsha chai, kwani baada ya gilasi moja ya barafu jamii yote iliomba chai. Aliichemshia nje ya lango, nyuma ya mabati, mgongo wake ukiwa umeelekea maporomoko.

Wanyama ndio walikuwa taabu. Kwenye ukungu ule hata mwenzako humwoni. Mwaka wa 1953 Bwana Tuckwell aliwaonyesha wageni kiboko aliyelala katikati ya mto. Walimpiga picha, walimchora, mmoja akamwandikia shairi. Kwa kuwa kiboko huyo hakutikisa hata sikio, mgeni mmoja alimgeukia Mzee Boaz amthibitishie. Mzee Boaz alikuwa ameagizwa asimwaibishe Bwana, na kusema uongo hapendi. Akajibu, "Hajasogea tangu jana, memsahib." Tangu hapo jiwe lile likawa kiboko rasmi wa hifadhi.

Kiboko halisi alikuja mwaka wa 1956. Alitoka majini bila taarifa, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya maonyesho ya mboga na kuzila kabichi za Memsahib Tuckwell zilizokuwa zimepata zawadi ya kwanza. Kamati ikapanda juu ya viti, na waliokosa viti wakapanda juu ya motokaa. Kuna wanaosema Mzee Boaz alimwomba kiboko tiketi. Nilikuwepo, na huo ni uzushi. Alimtazama tu kwa uchungu, kwa sababu hakupitia langoni. Aliyetuokoa ni Mama Jentrix. Kule nyuma ya mabati alisikia mayowe, hajui ni ya nini, akachukua debe tupu na kulipiga kwa mwiko kwa nguvu zake zote. Kiboko akashtuka na kurudi mtoni. Kamati iliandika ripoti ya kuishukuru kamati kwa ushupavu wake, ikaamua inunuliwe kengele. Mwaka huo Mzee Boaz aliomba ruhusa akiwa na hakika ya kuipata. Akaambiwa mwaka ujao.

Ilinikera sana. Nikamwambia, "Mzee, si umpitishe tu jioni wakishaenda? Nani ataona?" Akaniangalia kama mtu niliyemtukana. "Mimi nitaona, Karani." Mama Jentrix aliposikia hayo alicheka kicheko kisicho na furaha. "Huyu mzee wangu hata mbinguni atasimama mlangoni akiuliza watu tiketi," akasema. "Na mimi atanirudisha."

Julai ya mwaka huu ilipoingia, nafasi zao kwenye gari moshi la kurudi nyumbani zilikuwa tayari. Wafanyakazi sote tulijua kwamba Mama Jentrix atarudi Maragoli baada ya miaka yote hiyo, na akiulizwa maporomoko ya Chania yakoje, ataweza kueleza mlio wake peke yake.

Kwenye chai ya kumuaga, kamati ilimpa Mzee Boaz miwani ya jua. Halafu Bwana Tuckwell akatoa kadi ya mgeni, ya mtu mmoja, ya Siku ya Kiangazi, Jumamosi tarehe 25. "Boaz, sasa wewe mgeni," akasema, naye alikuwa ameguswa kweli. "Wewe ingia, tazama." Alimpa ruhusa ya kuingia mahali alipoingia kila siku tangu 1937. Wageni walipiga makofi. Sisi wafanyakazi tuliangalia viatu vyetu.

Jumamosi ilifika na ukungu wake. Mzee Boaz alikuwa bado na zamu, akasimama langoni na mapepeo yake. Motokaa zikapita. Kisha kutoka upande wa laini akaja Mama Jentrix, amevaa gauni la Jumapili na kitambaa cheupe, hakuharakisha. Alipofika mbele ya mumewe akamkabidhi ile kadi. Mzee Boaz aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma. Bwana Tuckwell, aliyekuwa karibu akipokea wageni, akafungua mdomo. Mzee Boaz akamwinulia kadi. "Sahihi ni yako, Bwana." Bwana akaufunga mdomo. Mzee Boaz akachana pembe ya kadi, akakaza mgongo na kupiga saluti ambayo sijawahi kumwona akimpigia gavana. "Karibu, memsahib," akamwambia mkewe.

Mama Jentrix alikaa huko kwenye maporomoko hadi tulipofunga. Alirudi ameloa chapachapa, kitambaa kimemganda kichwani. "Kumbe ni haya yamekuwa yakininyima usingizi," akasema, akacheka, kisha akalia, nami sioni haya kusema kwamba nililia pia. Alipojipangusa akaigeukia jamii iliyokuwa ikipanda motokaa zake. "Na yule kiboko wenu," akasema kwa sauti ya kutosha, "ni jiwe."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mzee Boaz alicheka akiwa kazini.

Asante, Mzee wetu, kwa miaka yote uliyosimama hapo kwa mvua na kwa kile kinachoitwa kiangazi. Tunawatakia wewe na Mama Jentrix safari njema, afya, na usingizi mzito mbali na maporomoko. Nasi tutakuja kukutembelea Maragoli. Tafadhali tukifika, usituulize tiketi.