Koti Lake Lile Pale

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto, maana habari ya leo haitaki kusikilizwa nusu nusu.

Mzee Kifutio hatunaye. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Leo ni wiki moja. Ndiye aliyetuchorea vichekesho vya katuni vya televisheni, Dirisha la Tatu, kwa miaka kumi na tisa. Watu wameoa, wamezaa, wengine tumezika, yeye akituchekesha kila Ijumaa jioni.

Lakini hatukuja hapa kulia tu. Siku mbili baada ya maziko, simu ililia kwa mjane wake. Mjane ni fundi cherehani. Alikuwa amekaa mashineni, hashoni kitu, amekaa tu. Aliyepiga alikuwa mtu wa kituo cha televisheni. Kwa sauti laini alisema wanataka kurudia vipindi vyote vya marehemu, kumuenzi. Vyote, isipokuwa vinne.

"Vinne vipi?" mjane aliuliza.

"Vile vya koti, mama."

Mjane aliomba siku tatu. Siku tatu zimeisha jana, na jibu ametoa. Lakini ili jibu hilo tulielewe, lazima tuanze mbali.

Baba yake Mzee Kifutio alikuwa seremala. Mtoto alikaa chini ya meza ya kazi, katikati ya maranda, akichora kwenye pembe za daftari lake la hesabu. Picha moja kila ukurasa. Ukizifyatua kurasa kwa kidole gumba, unamwona mwalimu mkuu anapiga chafya mpaka miwani inaruka. Siku moja baba alimkuta anafuta picha, anaanza upya, anafuta tena. Karatasi imechubuka, kurasa zinanatana.

Baba akamwambia, "Mwanangu, ubao ukishakatwa haurudi kuwa mti. Umekosea? Tafuta kosa lako lifanye kazi gani."

Tangu siku hiyo hakushika kifutio. Ndiyo maana wenzake walimwita Kifutio, kama vile mtu mrefu anavyoitwa Kafupi. Hakuwa na kifutio mezani. Hakuwa nacho nyumba nzima.

Alianza kwa kuandika mabango ya maduka. Kisha televisheni ilimwajiri achore mawingu ya utabiri wa hali ya hewa. Mawingu yake yalikuwa na nyuso, na watu wakaanza kungoja utabiri kuliko habari zenyewe. Hapo ndipo alipopewa kipindi.

Dirisha la Tatu mnalijua. Kuna ofisi. Kuna karani mnene, Bwana Muhuri. Na kuna ajuza mmoja, Bibi Faili, kila wiki yuko dirishani na karatasi zake kwapani, na kila wiki anaambiwa arudi kesho. Kuchora hayo si mchezo. Sekunde moja ni picha kumi na mbili. Bibi Faili akijikuna kichwa tu, ni karatasi ishirini na nne.

Na sauti ya Bibi Faili? Wasikilizaji, ni ya mkewe. "Alinisikia nagombana na mteja aliyesema suruali nimembana mimi, kumbe amenenepa yeye," anasimulia. "Akatoka mbio na kinasa sauti. Akasema, mama watoto, usipunguze hata kidogo!"

Sasa tuje kwenye koti.

Siku moja anachora koti la Bwana Muhuri, kalamu ikateleza. Mstari ukashuka kutoka kwenye kifungo cha pili. Mwingine angetupa karatasi. Yeye akaendelea. Kifungo kikawa kinaning'inia kwa uzi, Bwana Muhuri akicheka kinabembea. Kipindi kikarushwa hewani. Jumatatu yake mkuu wa vipindi akamwita.

"Umenichora mimi," mkuu alisema.

"Hapana, bosi. Kalamu iliteleza."

"Mimi si mtoto! Kila mtu anajua huyu ni nani!" Na huku anafoka, kiganja kiko kifuani, kimeganda. Katibu muhtasi wake alikuwepo na faili mkononi. Alituambia alichokiona bosi alipojisahau na kunyanyua mkono. Kifungo cha pili. Kinaning'inia kwa uzi.

Kalamu iliteleza kweli. Basi tu, iliteleza ikaangukia kwa mwenyewe.

"Mfute huyo karani," mkuu aliamuru.

"Sina kifutio, bosi."

Na hakumfuta. Ijumaa iliyofuata, Bwana Muhuri aliinuka, akatundika koti lake kwenye kiti, akasema, "Natoka kidogo." Hakurudi. Bibi Faili akija, tarishi anamjibu, "Ametoka kidogo, koti lake lile pale." Kipindi cha pili, Bibi Faili akaanza kuliamkia koti. Cha tatu, akaliletea chai. Cha nne, wasikilizaji, koti likapandishwa cheo.

Nani hakucheka? Nani hajawahi kungoja mbele ya koti?

Kesho yake kipindi kikafungwa. Ikaletwa na barua. Mzee Kifutio atie sahihi kwamba koti lilikuwa kosa, na vile vipindi vinne viharibiwe. Akitia sahihi, kazi inarudi. Asipotia, ndiyo basi.

Mkewe aliogopa, na hafichi. "Nilimwambia, baba watoto, tia sahihi. Binti yuko shuleni. Mungu anaona moyo wako."

"Anaona," mume alijibu. "Ndiyo maana siwezi."

Akachukua kalamu, akaandika chini ya barua: Ni kweli lilikuwa kosa. Makosa yangu huwa siyafuti. Akairudisha.

Miezi tisa nyumba ilikuwa kimya. Alirudi kwenye mabango. Mkewe alishona, alisali, aliangalia. Na kila fundi cherehani ana nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata. Kwake zilikuwa zimejaa mlango mzima, makoti ya miaka na miaka. Asubuhi moja alimaliza sala, akainua macho, akayaona kama hajawahi kuyaona. Akachukua moja, la kijivu. Akatembea mpaka kituo cha televisheni. Akalitundika kwenye uzio.

Mlinzi akaja mbio. "Mama! Koti la nani hilo?"

Akamjibu kwa sauti ya Bibi Faili, ile ile. "Mwenyewe ametoka kidogo, mwanangu."

Mlinzi alicheka mpaka akashika geti. Hakulitoa. Kesho yake yalikuwa matano. Mpaka Ijumaa yalikuwa arobaini na moja, na hakuna aliyejua nani kaleta lipi. Mkuu akaamuru yatolewe. Walinzi wakasema wanangoja wenyewe. Jumapili binti wa yule mkuu wa vipindi, wa miaka sita, alipita pale na baba yake, akauliza, "Baba, lako ni lipi?"

Wiki ya pili barua nyingine ikaja. Fupi. Hakuna sahihi inayotakiwa. Rudi kazini.

Siku ya kurudi, Mzee Kifutio alikikata uzi kifungo cha pili cha koti lake mwenyewe, kikabaki kinaning'inia. Mkewe akaja juu. "Watu watasema fundi mzima kashindwa na kifungo cha mumewe!"

"Waache waseme. Leo tufanane na bosi."

Hakukishona tena. Miaka ya mwisho mkono ulianza kumtetemeka, na mistari ikatetemeka nayo. Vijana wa kompyuta walitaka kumnyooshea. Akawakatalia. "Bibi Faili naye kazeeka. Acheni atetemeke."

Basi, jana. Siku tatu zilipoisha, mjane alipiga simu mwenyewe. Binti yake alikuwa kando, na ndiye aliyetusimulia. Mama alisema, "Mume wangu hakuwa na kifutio. Mimi nina mkasi, tena mkali, lakini si wa kazi hiyo. Virusheni vyote, au msirushe hata kimoja."

Upande wa pili ukababaika. "Mama, hilo mpaka nimuulize mkuu."

"Muulize. Nangoja."

"Kwa sasa ... ametoka kidogo."

Kisha mjane akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Alicheka akishika meza, machozi yanamtoka. Akasema, "Basi mwanangu, liulize koti."

Akakata simu.

Mpaka naingia studio, hawajapiga. Naye hana haraka. Ameshawahi kungoja miezi tisa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane, kwa binti, kwa ndugu na wote waliofanya naye kazi, tunasema poleni sana. Mungu aliyempa mkono ule ameupumzisha. Nasi tuliobaki tujiulize: siku tutakapoambiwa tufute tulichokiona kwa macho yetu, tutaitikia nini?

Chumbani mwa Mzee Kifutio meza iko kama alivyoiacha. Koti lake liko kitini. Majirani wanaoingia kumpa pole mjane wanakiona kifungo, wanamwambia, "Fundi, si ukishone sasa?"

Anawajibu, "Mwenyewe hajaniagiza."