Pale Puani pa Hinekura

Ndugu waombolezaji, mimi ni Tamihana, mtoto wa mdogo wake, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya mama yetu mkubwa, Merania Paratene, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Te Rimu, akasoma shule ya kijiji hadi 1956, akafundisha watoto wadogo mjini Wairoa mpaka alipostaafu, na tarehe 8 Februari 1964 akafunga ndoa na marehemu Hohepa, wakajaliwa Aperahama na Kahurangi.

Hayo mnayajua, lakini angenikaripia nisipomtaja Hinekura, bibi wa mama yake, aliyechorwa kwa rangi za mafuta na Mwingereza mpita njia mwaka 1889, akatundikwa katika nyumba yetu ya mikutano, na kila aliyeingia akamsalimu pua kwa pua kama sisi Wamaori tunavyosalimia wazee, hata rangi ikalika pale puani. Mwaka 1931, wakati wa shida, mjomba mmoja akaiuza picha kwa tajiri wa mjini, ikala moshi wa meko yake, ikachanika pembeni, kisha warithi wakaipeleka makumbusho, ikawekewa kioo. Mama alimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1987, akabandika pua kwenye kioo, mlinzi akamfokea, "Mama, unachafua kioo!" naye akamjibu, "Kitoe basi, nisikichafue."

Tangu hapo hakutulia, alikwenda kumdai mpaka watu wa makumbusho wakamchoka, na mwaka jana walipokubali, fundi wa picha, binti Philippa, alisafisha moshi, akaziba mpasuko, akataka kupaka rangi na pale puani palipoharibika. "Wee! Hapo hapajaharibika," mama akasema, "hapo ndipo walipo shangazi zangu wote, ukiwafuta nitakuchapa." Philippa akacheka, akaweka brashi chini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akawa anakwenda kusafishwa damu, akituambia hafi mpaka amsalimu Hinekura bila kioo. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024, na gari lenye picha likaingia hapa kesho yake mchana. Jamani, inauma, tena inauma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na Philippa aliyeisindikiza picha njia nzima. Kioo tumekitoa. Kabla jeneza halijafunikwa, Aperahama na Kahurangi watamwinamisha Hinekura mpaka pua iguse pua, na tunaomba asitokee mtu wa kuwaharakisha.

Msalimie, mama, halafu upumzike kwa amani.