Kiti cha Pili cha Anastasia Nandonde

Baba Paroko, balozi wetu wa nyumba kumi, wafanyakazi wenzake marehemu wa karakana, ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kuja, nimetumwa na familia kusoma maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie, kwa sababu familia imekasirika na haioni haja ya kuficha.

Marehemu Anastasia Romani Nandonde alizaliwa Newala tarehe 12 Machi 1938, mtoto wa mzee Romani, mchonga vinyago, na mama Sesilia, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, ambako masista walimfundisha kushona, akaja Dar es Salaam mwaka 1957 kwa shangazi yetu hapa Temeke, na tarehe 8 Agosti 1959 akafunga ndoa takatifu na shemeji yetu Leonardi, mpakua mizigo wa Kurasini, wakajaliwa watoto watatu, ambao mnawaona pale karibu na jeneza.

Tulipopata Uhuru alikuwa akishona sare za shule barazani kwake, na Januari 1975 aliajiriwa katika karakana moja ya umma huko Gongo la Mboto, iliyokuwa ikiunda ndege ndogo ya viti viwili, mwalimu na mwanafunzi bega kwa bega, ili vijana wetu wajifunze urubani hapa nyumbani badala ya kupelekwa ng'ambo, na kwa kuwa mabawa yake yalikuwa mbavu za mbao zilizovikwa kitambaa cha pamba, alitakiwa mshonaji hodari, na aliyemfuata nyumbani kumbembeleza ni msimamizi wa karakana, Ndugu Gaudens, ambaye leo amekaa mstari wa mbele.

Karakana ilikuwa na utaratibu wake, na ulikuwa mzuri, kwamba kila aliyeiunda ndege ile apande kiti cha pili siku za majaribio, ili mtu akaze skrubu akijua kwamba roho inayoning'inia pale ni yake, kwa hiyo dada alishona miaka miwili akijua atapanda, akafumua hata mishono ambayo mkaguzi alikwisha kuipitisha, akapaka kitambaa dawa ya kukikaza, yenye harufu ya kuchoma pua, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha vumbi lisiingie, bila kupewa hata kitambaa cha kujifunga usoni, na jioni akimwambia shemeji kwamba akiwa huko juu ataangalia kama lile bati letu lililotoboka linaonekana.

Ndege ilipaa tarehe 19 Februari 1977, mafundi wakapanda mmoja mmoja, wengine wakashuka wanacheka na wengine wanatapika, na tarehe 22 zamu ya dada ikafika, akaenda amevaa suruali ya mumewe, akapanda akakaa na mkanda akafunga, ndipo Ndugu Gaudens akamshusha mbele ya watu, akisema mama mwenye watoto atawatia wasiwasi wageni waliokuja kutazama, akampandisha bwana mmoja kutoka wizarani ambaye hakuwahi kugongomelea hata msumari, akamwahidi dada kwamba atapanda keshokutwa. Keshokutwa hiyo haikufika, kwa sababu mvua zilianza, kisha mradi ukafungwa mwezi Juni, na ndege ikasukumwa stoo panya wakala mabawa.

Watoto wa jirani walipomuuliza huko juu kukoje, alikuwa akiwajibu, "Mie sijapanda, wanangu, waulizeni waliopanda," na hakuna siku aliyojipamba kwa uongo.

Alianza kukohoa mwaka 1979, akaacha kushona mwaka 1981, akalazwa mara nyingi, na tarehe 3 Oktoba 1983, saa kumi na moja alfajiri, alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, madaktari hawakusema kwamba ni ile dawa ya kitambaa, na sisi si madaktari, lakini ndio tuliofua nguo zake na tunajua zilikuwa zinanuka nini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotupikia na kutuchotea maji, na maseremala wa karakana waliolitengeneza jeneza hili kwa mikono yao bila kuombwa.

Jana jioni Ndugu Gaudens alifika msibani, akatusihi tusome hapa kwamba marehemu alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka na ndege iliyoundwa nchini, kwa kuwa karakana inataka kufufuliwa na habari hiyo itapendeza magazetini, akasema marehemu mwenyewe angefurahi. Familia ilikaa, ikazungumza, na jibu lake, Ndugu Gaudens, ni kwamba hakuruka, alikaa kitini akafunga mkanda na wewe ukamshusha.

Pumzika, dada, unakwenda na jina lako safi, hatukukusingizia safari uliyonyimwa.