Bi Arwa na Gogo la Pugu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi Arwa Hamood anafunga droo yake na kustaafu. Ofisi yetu ya safari, iliyo juu ya duka la vitenge hapa Kariakoo, inabaki na viti vitano na watu wanne wasiojua njia.

Wageni wote wanaokuja Dar huulizia Zanzibar. Bi Arwa aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawauzia msitu na mapango ya Pugu. Au magofu ya Kaole, au Kimbiji, au msitu wa Vikindu: mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni, ambapo wenyeji wengi wa Magomeni hawajawahi kukanyaga. Maelekezo aliyaandika mwenyewe kwa mkono, sisi tukatoa kopi. Yalieleza hadi wapi ununue maji na wapi usithubutu kununua mihogo.

Jambo moja tu halikuandikwa. Bi Arwa mwenyewe hakuwahi kufika hata mahali pamoja. Watu hutembea Jumamosi na Jumapili, na siku hizo yeye alikuwa ofisini akiwasafirisha. Kila aliyerudi alikalishwa, akapewa kahawa na kashata, akahojiwa mpaka akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Kinyozi hajinyoi.

Tulipopanga kumuaga, meneja wetu, Bwana Nassibu, alipendekeza tumpeleke Pugu. Tulipiga makofi wote isipokuwa mwenye kupewa zawadi. Kwanza mguu ulimuuma, halafu akapata mgeni, halafu akahofia mvua, na jua linawaka. Mwishowe alimwambia ukweli Klara wa mapokezi: aliogopa kukuta amewadanganya watu miaka yote hiyo.

Tulikwenda Jumamosi iliyopita. Karatasi yake inasema ukifika kwenye gogo lililoanguka, pinda kushoto kuelekea mapangoni. Gogo lilikuwepo, ila bichi kabisa, limekatwa kwa msumeno. Bi Arwa alikunja uso. Gogo hilo alitajiwa na mteja mwaka 2003.

Zakayo, anayeongoza wageni pale, alimwamkia shikamoo, kisha akaeleza. Gogo la kwanza lilioza zamani. Wageni wenye karatasi wakawa wanapitiliza, wanatafutwa msituni hadi jioni. Ikaonekana ni rahisi zaidi kuweka gogo jingine. Hili ni la nne.

Bi Arwa akauliza kwa nini hawakupiga simu ofisini arekebishe.

"Mama, karatasi ilishasambaa," Zakayo akamjibu. "Na asiye na karatasi yako haji huku."

Bi Arwa alikaa juu ya gogo akalia bila kujificha. Sisi tulijifanya tunatazama ndege, lakini tulilia pia. Kisha akatoa kalamu mkobani. Tulidhani anasahihisha, kumbe anaongeza kwamba gogo linakalika vizuri.

Bi Arwa, asante kwa uvumilivu wako, na kwa ukali wako pia. Tunakuombea afya, utulivu na Jumamosi nyingi zisizo na kazi. Wiki ijayo unakwenda Kaole. Tumeshawapigia wa kule, wahakikishe kila ulichoandika kipo.