Mgeni Aliyelala Gotini

Septemba mji mzima wa Gabrovo hunukia pilipili hoho za kuchoma, kila mwanamke akijaza mitungi yake ya majira ya baridi. Kwenye benchi la mbele ya jengo namba tisa, Tsonka alikaa na kahawa ya mashine mkononi, karatasi ya kliniki mapajani. Majirani humwita Bibi Lebo, maana hakuna mtungi unaoingia stoo yake bila kuandikwa: pilipili za nani, za lini, kakoroga nani. Karatasi ya leo ilisema: “Mgonjwa hakuitikia tiba.” Ilitakiwa irudi imetiwa saini kabla ya saa sita mchana. Akiitia saini, anatolewa kwenye majaribio ya tiba ya goti na sindano ya pili haipati. Naye anaishi ghorofa ya nne, na jengo halina lifti.

— Tia saini tu, dada, alisema Minko, aliyeendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na tangu hapo anajiona daktari. Wanamwita Ambulensi. — Asiyekubali kushindwa si mshindani.

— Nani kashindwa? Walisema nyoosha goti, nikanyoosha. Kazi yangu niliimaliza.

Vulko, anayeitwa Redio, alicheka. Yeye na Tsonka walichomwa sindano za goti siku moja, chumba kimoja: seli shina, chembe changa za kujenga mwili upya, kutoka kwenye uboho wa watu waliojitolea, zikakuzwa maabara. Jumamosi iliyopita Redio alicheza harusini mpaka wapiga zumari wakaomba maji.

— Mbona mimi mzima? alisema. — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Wako alikuja kufanya kazi. Wangu alikuja kulala.

— Hukumkaribisha. Mimi wangu nilimpa pombe ya rakia.

— Rakia wapi, alidakia Ambulensi. — Zako zilitoka kwa mchunga mbuzi, zimezoea kupanda. Za dada ni za karani. Zimekaa humo gotini zinasubiri saa kumi na moja zirudi nyumbani.

— Au za mtu wa Varna, alisema Redio. — Mtu wa pwani anajua nini habari za ngazi?

— Daktari alisema wanazikuza, wanazigawa, wanazikuza tena, alisema Tsonka. — Kahawa ukiiongeza maji mara saba, utamlaumu mnywaji?

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Ambulensi.

— Hiyo inahusu nini sasa? aliuliza Tsonka.

Wakati huo Nevena, mpangaji mpya wa chini, alifika na mfuko wa pilipili, akitaka kuazima jiko la kuchomea. Mabishano aliyasikia tangu mlangoni; macho yake yakaangukia karatasi.

— Samahani, mama. Seli zako na za Bwana Vulko zilitoka kwa mtu mmoja?

Ambulensi alimtazama Redio. Redio alitazama ndani ya kikombe chake, kilikuwa kitupu.

— Walisema dawa ni ile ile, alisema Tsonka taratibu.

Ile ile. Yeye na dada yake hununua pilipili shamba moja, na hajawahi kuuchukua mtungi wa dada yake akidhani ni wake: kila mkono una ladha yake.

Akachukua kalamu. Pale pa saini akaandika, kwa herufi za mitungi: “Za nani? Za lini? Zimekuzwa mara ngapi? Nijibuni, ndipo mseme nani hakuitikia.”

— Lete nikupelekee, alisema Redio. — Mimi nina miguu.

— Ndiyo maana hupeleki wewe, alisema Tsonka, akishika fimbo yake. — Nataka wanione ninavyoingia.