Kikapu Kitupu cha Mama Mkwe

Wenzangu wa chama, amani iwe kwenu. Mmeniambia niseme nilivyoanguka, nami sitapamba.

Mnajua vita vilipoanza kule kaskazini, dizeli ikawa ya kutafuta. Mimi, fundi wa kuchomelea hapa mjini, Rwezamenyo, nikatengeneza mtambo: unachoma mabua ya mtama ndani ya pipa, gesi yake inaendesha injini, injini inawasha taa. Nikaupeleka kilimani kwao mke wangu. Mama mkwe hakuwa akiniita mkwe. Aliniita mwanangu, na mimi nimelelewa bila mama.

Nikawauliza wanaume, wamekaa na urwagwa wao, pombe ya ndizi: mabua yatatosha?

"Fundi, mabua iko mengi, inaoza tu."

Ndugu zangu, nawaambia, ni lini mwanaume wa kilimani aliokota kuni? Lakini nikaamini, kwa sababu nilitaka kusifiwa.

Taa ziliwaka, ngoma zikapigwa. Wiki ya tatu mabua yakaisha, wanawake wakakosa hata ya kupikia. Badala ya kuzima, wanaume wakang'oa vijiti vinavyoshikilia maharagwe shambani. Sikuwazuia. Nililisha lile pipa kwa mikono yangu hii. Mvua ikaja, maharagwe yakalala kwenye matope, yakaoza.

Nikakimbilia mjini, nikafunga karakana kwa aibu. Siku moja mama mkwe akaja kwa miguu, kikapu kichwani. Kwetu mgeni haji na kikapu kitupu, hilo mnalijua. Akakishusha, akakifunua: hamna hata punje.

"Nimekuletea mavuno yako," akasema. "Hukuniuliza."

Nililia, simfichi mtu. Kesho yake nikapanda kilimani, safari hii nikakaa na wanawake. Wakaniambia kachukue maganda ya kahawa, kiwandani wanayatupa. Nikarudi kwenu sina uso, mkanikopesha vifaa, mkabeba magunia pamoja nami. Mungu awalipe. Taa zinawaka tena, na vijiti havitoki shambani.

Fundi mwenzangu, kabla ya kupima pipa, muulize anayebeba kuni.

Kile kikapu alichoniachia nimempelekea mara mbili, kimejaa maharagwe. Mara zote mbili amekipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mkwe."