Mama Rudia na Majibu ya Maabara Kuu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni binti mkubwa wa marehemu. Wasifu huu nimeuandika mimi, na baba ameusoma mara mbili kabla ya kuruhusu uchapwe, kwa sababu mama angetaka hivyo.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1956 katika wilaya hii, pale lami inapoishia, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe. Kadi ya zahanati inasema alizaliwa Julai. Yeye alisema kadi ilijazwa na mtu mwenye haraka zake, na hakuikubali hadi mwisho.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1970. Mwaka huo wilaya nzima ilipewa nafasi mbili za sekondari, na jina lake halikuwemo. Babu alifunika cherehani, akasafiri siku mbili hadi ofisi ya elimu ya mkoa, akakaa kwenye benchi mpaka karani akafungua rejesta mbele yake. Binti yake ndiye aliyeongoza wilaya kwenye mtihani. Nafasi yake alikuwa amepewa mtoto ambaye hakuwahi kusoma huku hata siku moja. Ilirudishwa, lakini kuanzia hapo mama hakuamini karatasi yoyote kwa kuiangalia tu. Mwaka 1978 alihitimu ufundi wa maabara, na mwaka uliofuata akaajiriwa Maabara Kuu, mjini.

Huko ndiko alikokutana na baba, dereva aliyeleta masanduku ya sampuli kutoka mkoa wetu kila wiki mbili. Baba anasema hakusalimiwa. Aliulizwa: "Umepakia saa ngapi? Barafu ilikuwepo? Njiani ulisimama wapi?" Akajibu yote. Safari iliyofuata akaulizwa tena yaleyale, ili aonekane kama atajichanganya. "Nilijua huyu ama atanifukuzisha kazi ama atanioa," baba husema. Walifunga ndoa tarehe 8 Januari 1983.

Baba ndiye aliyemletea habari ya kumkosesha raha. Alimwambia kwamba kila akishusha masanduku asubuhi, kabla hajamaliza kunywa chai, karani anamkabidhi bahasha ya majibu ya sampuli hizohizo arudi nayo. Mama alijua kipimo kimoja tu kinachukua muda gani. Hakumwambia mtu mwingine. Februari 1986 alichukua kichupa cha mkojo, akamimina chai ya rangi, akatia sukari vijiko vitatu, akaandika jina la mgonjwa wa kubuni wa wilaya hii, kisha baba akakiweka kwenye sanduku pamoja na vingine. Jibu lilitoka siku hiyohiyo, lina muhuri na sahihi: mkojo ni wa kawaida, hauna sukari.

Alikwenda nalo kwa mkuu wa maabara.

"Mkuu, mgonjwa huyu ni chai."

Mkuu alilisoma, akalirudisha mezani. Hakukasirika. Alisema, "Watumishi ni wachache. Sampuli za mjini zina wenyewe, watakuja kuuliza. Hizo za huko kwenu, nani atakuja?"

"Nimekuja mimi," mama akasema.

Baada ya wiki mbili alipata barua ya uhamisho. Aliletwa hapa, hospitali ya wilaya, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, akapewa hadubini moja isiyo na taa. Aliisogeza dirishani akafanya kazi kwa mwanga wa jua. Siku za mawingu wagonjwa walisubiri. Kila kipimo alikifanya mara mbili. Manesi walichoka kumsikia akisema "Rudia", nalo likawa jina lake. Nyumbani hatukupona. Ukileta ripoti nzuri ya shule, kesho yake mama yuko kwa mwalimu, anataka kuona daftari la alama. Mdogo wangu wa kiume aliwahi kushika namba mbili darasani, na mama akarudi kutoka shuleni na habari kwamba walikosea kujumlisha: alikuwa namba moja. Siku hiyo alicheka hadi akakaa chini.

Alistaafu mwaka 2016. Hakuletwa mwingine. Chumba kikafungwa, na sampuli za wilaya zikaanza tena kupanda gari kwenda mjini.

Novemba 2022 alianza kuumwa tumbo. Kinyama kidogo kilikatwa kikapelekwa Maabara Kuu, na jibu likarudi mapema Desemba: saratani ya utumbo, bado changa, afanyiwe upasuaji haraka. Mama aliangalia tarehe kwenye fomu. "Siku nne? Hawa hawajafungua hata kichupa." Mama mdogo alimsihi akubali. Mimi ninayewasomea nilisimama upande wa mama. Nilisema kama walipima chai wakaiita mkojo, hawashindwi kumpa mtu saratani asiyonayo. Tukadai kipimo kirudiwe. Fomu zikapotea, kinyama kikakatwa upya, gari likaharibika. Jibu la pili lilifika Mei. Lilikuwa lilelile, isipokuwa neno moja: haikuwa changa tena.

Mama aliomba karatasi zote mbili, akaziweka juu ya shuka. Alizisoma kwa muda mrefu.

"Walipima," alisema. "Mara hii walipima kweli." Kisha akanishika mkono. "Usijilaumu, mwanangu. Wangepima tangu zamani, tungewaamini."

Alifariki Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, baba akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja, yule mama mdogo ambaye hatukumsikiliza.

Mganga mkuu wa wilaya yuko nasi hapa, tunamshukuru kwa kuja na kwa maua. Baba ameniagiza nimuulize mbele yenu wote, ili jibu lisije kwa barua: chumba kile kitafunguliwa lini, na atakaa nani? Tutakusubiri hapa baada ya mazishi, daktari, hatuna haraka.

Lala kwa amani, mama yetu.